Sabuni za Mbao

Sabuni alizotengeneza Mama zilirudi asubuhi, watu wa nyumba hii wakiwa bado wanakunywa chai. Dereva wa duka kubwa alizishusha katoni mlangoni, moja juu ya nyingine, akampa Mama karatasi ya kutia sahihi huku macho yake yakitazama mtaani.

"Kuna nini lakini?" Mama aliuliza.

"Mimi naendesha gari tu, mama. Ya meneja muulize meneja." Akatoa na mfuko mdogo uliofungwa fundo. "Na hili shati ni la mteja. Meneja kasema mlione."

Mama alitia sahihi. Angefanya nini? Dereva aliondoka, na gari lilipopinda kona ndipo binti alipotoka chumbani akiwa na mswaki mdomoni. Baba yake alimpachika jina la Msanii siku ile alipoanza kusomea usanifu wa michoro chuoni, nusu kwa fahari na nusu kwa kumchokoza, na jina likamganda. Siku hiyo hakutaka kuitwa hivyo na mtu yeyote.

Aliifungua katoni ya juu mwenyewe. Mikanda ya karatasi, ile waliyoitengeneza yeye na mwenzake wa darasani kwa karatasi zilizotupwa na ofisi za chuo, wakazilowesha, wakazikanda, wakazianika upya, ilikuwa imelainika na kupasuka. Mingine ilikuwa imegandana na sabuni kama ngozi ya kidonda. Herufi zilikuwa zimehama. Zilitoka kwenye karatasi zikakaa juu ya sabuni yenyewe, zimegeuka nyuma mbele: Povu la Nyumbani, Povu la Nyumbani, kila kipande.

Baba alilifungua lile fundo. Shati lilikuwa jeupe, la mtu anayefanya kazi ofisini, na kifuani lilikuwa na neno Povu kwa wino wa kijani.

"Sabuni inayoandika," alisema. Baba alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache, na machache hayo mengi yalikuwa ya mzaha. "Kuchafua nguo tumezoea kuachia matope."

Mama alilichukua shati, akalikunja vizuri kana kwamba mwenyewe yupo anamtazama, akaliweka juu ya meza.

"Vaa viatu," alimwambia binti yake. "Twende kwa meneja."

Meneja hakuwakaribisha ofisini. Alikuja kuwakuta nyuma ya duka, pale yanapotupwa maboksi matupu, akazungumza nao wima huku akiandikiana na mtu kwenye simu. Msanii alishika mfuko wenye vipande viwili vya sabuni. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili, mbele ya tumbo.

"Mimi sina ugomvi na karatasi, mama," meneja alisema. "Karatasi ni nzuri, wateja waliipenda, wengine waliipiga picha. Ila rafu yako iko jirani na friji za vinywaji. Friji zinafunguliwa kutwa, ubaridi unatoka, sabuni zinatoa jasho. Karatasi yako inakunywa jasho, wino unakimbia. Halafu mtu ananiletea shati."

"Hatuwezi kuhamishiwa rafu nyingine?"

"Rafu nyingine zina wenyewe." Alichukua kipande kimoja mfukoni, akakitazama, akakirudisha akijipangusa vidole kwenye suruali. "Wenzako wote wanafunga nailoni. Niletee zimefungwa nailoni, zimekaza, Jumatatu asubuhi. Jumatatu ikipita nina mtu anaisubiri hiyo nafasi."

"Nitaleta, meneja."

"Na hii karatasi nani alikushauri?"

Msanii alifungua mdomo, lakini Mama alimtangulia.

"Ni fundi mmoja tu," alisema. "Nimeshaachana naye."

Njiani walipita kwa muuza vifungashio, Mama akanunua roli mbili za nailoni nyembamba, zile za kufungia vyakula, na alipozibana kwapani Msanii alijitolea kumpokea. Mama alimpa moja, ile nyingine akabaki nayo.

Ukweli ni kwamba wazo la karatasi halikuwa la Mama. Mama alikuwa akitaka nailoni tangu mwanzo, kwa sababu nailoni inang'aa na watu hupenda kinachong'aa. Binti ndiye aliyekuja na habari za mito iliyoziba na ng'ombe waliokufa na plastiki tumboni, akamwonyesha picha, akambembeleza wiki nzima. Mwisho Mama alisema basi, mwanangu amesoma, na mimi nimemsomesha ili nimsikilize.

Mchana huo meza ya chakula ikageuka kiwanda. Mama alikwangua herufi kwenye sabuni kwa kisu butu, Msanii akafunga nailoni. Kila alipovuta nailoni ilimng'ang'ania mkononi, ikajikunja, ikatoa mlio wa kukera. Kwenye karatasi yake ya mtihani wa mwisho alikuwa ameandika kurasa nzima kuhusu kitu hiki hiki. Sasa alikuwa akikivuta, akikikata, akikikaza pembeni.

Mstari alimkuta hapo. Mstari alikuwa mwenzake wa darasani, kijana mrefu aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuweza kukaa mbele ya bango lolote bila kulalamika kuwa mistari yake imepinda. Kazi ile ya sabuni waliifanya wote wawili. Alisimama mlangoni, akaitazama meza, akazitazama katoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, mwanangu. Sogeza hiyo katoni ukae."

Alikaa. Msanii alimweleza yote, na alipofika kwenye friji Mstari alifumba macho.

"Mbao haitoi jasho," alisema.

Msanii naye alikuwa amelifikiria hilo tangu nyuma ya duka. Karatasi yao waliijaribu miezi kadhaa. Waliikunja, waliivuta, waliiweka juani, waliipiga picha kutoka kila upande. Lakini hawakuijaribu kwenye sabuni. Waliona huruma kuharibu mali ya mama wa watu, wakamwendea fundi seremala awakatie vipande vya mbao vyenye ukubwa wa sabuni, wakavipaka rangi ya maziwa, na hivyo ndivyo walivyovivalisha mikanda. Vilikaa kwenye rafu ya darasa, vikavu, vinapendeza, na mwalimu alivisifia mbele ya darasa zima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kunawa mikono na kitu walichokuwa wakikisanifu.

"Kesho tunasema nini?" Msanii aliuliza.

Kesho yalikuwa maonyesho ya wanaomaliza chuo. Mgeni angetoka kampuni ya usanifu, ile ambayo wanafunzi wote waliijua kwa jina, na kila mwaka huyo mgeni huchagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kujifunza kazi kwao kwa posho. Waliowahi kuchaguliwa walibaki huko huko wakaajiriwa. Wengine walirudi nyumbani kungoja simu.

"Tunasema ilifika rafuni," Mstari alisema. "Haikufika?"

"Ilifika. Ikarudi."

"Hakuna atakayeuliza kama ilirudi."

"Na wewe je? Na wewe ni kazi yako."

"Mimi mjomba ananisubiri, nikachape kadi za mwaliko mpaka nizeeke. Posho yao hainitoshi hata nauli, nikitoka kwetu. Wewe ndiye ambaye mwalimu atamsukuma mbele, na wewe unajua." Alipunguza sauti, ingawa Mama alikuwa amekaa hapo hapo akikwangua. "Usiikose hii."

Msanii aliitazama mikono ya mama yake. Magadi ya kupikia sabuni yalikuwa yameila vidoleni, ngozi imepasuka kwenye viungo, na jioni akimaliza kazi huipaka mafuta. Daktari alishamwambia apumzike. Mama alimjibu daktari kwamba naye anangoja binti yake apate kazi. Hilo Msanii alilisikia kwa masikio yake, na tangu siku hiyo hakuwahi kulala vizuri.

"Ni kweli mtaonyesha vipande vya mbao?" Mama aliuliza ghafla.

"Ni mfano tu, mama," Mstari alisema. "Kwenye maonyesho watu wanatazama umbo."

"Sabuni haitazamwi. Sabuni inanuswa." Akakwangua herufi ya mwisho, akakisogeza kipande kwa binti yake. "Hiyo nayo kaza."

Ukumbi wa chuo ulikuwa na taa kali na watu waliovaa kama wanaokwenda kupigwa picha. Meza yao ilikuwa karibu na dirisha. Juu ya ukuta walikuwa wametundika bango lililoandikwa Bila Plastiki, Bila Taka, na chini yake mbao zao zimepangwa ngazi ngazi, kila moja na mkanda wake wa karatasi. Zilipendeza kweli. Msanii alizitazama akaona kinyaa.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, mwenye tabia ya kusikiliza huku kichwa ameinamisha. Mwalimu alimwongoza meza hadi meza, na alipofika kwao alisimama kifua mbele kama baba wa bibi harusi.

"Hawa ndio niliokueleza," alisema. "Karatasi yao wenyewe, wino wa mimea. Na si nadharia, bidhaa iko dukani."

Mgeni aliinua kipande kimoja, akakipima mkononi. "Mbona nyepesi?"

"Ni mfano," Mstari alisema.

"Nilitamani kuinusa." Alitabasamu, akamgeukia Msanii. "Na huko dukani inaendeleaje?"

Hapo ndipo pa kusema. Msanii alijua ndipo. Aliyaona maneno yote, friji, jasho, shati, yamejipanga yakingoja, na mwalimu akayaruka.

"Wateja wanaipiga picha," mwalimu alisema. "Meneja mwenyewe anakiri."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Msanii alikuwa bado amefungua mdomo. Aliufunga.

"Samahanini, jamani."

Mama alikuwa amesimama kando ya meza, amevaa lile gauni lake moja la kutokea, na mtandio aliouazima kwa jirani. Msanii hakuwa amemwalika. Jasho lilimtoka usoni kwa mwendo, na machoni alikuwa na furaha ya mtu aliyefika kwa wakati.

"Nimesikia mnataka kunusa," alimwambia mgeni. "Nusa hizi."

Akatoa mfukoni vipande vitatu, akavipanga mezani mbele ya zile mbao. Nailoni iliwaka chini ya taa. Hakuwa na nyingine za kuleta. Zile ambazo hazijafungwa zilikuwa bado na herufi zilizogeuka.

Mgeni alikichukua kimoja, akakinusa juu ya nailoni, akakigeuza. Chini ya nailoni Mama alikuwa ameweka kijikaratasi chenye jina, lile lile, kwa herufi zile zile.

"Povu la Nyumbani," mgeni alisoma. Alitazama bango, akatazama kipande. "Lakini hii ina plastiki."

Mwalimu alimtazama Msanii. Mstari alivitazama viatu vyake. Na Msanii, Mungu amsamehe, alivaa miwani ya mbao. Alianza kuipanga upya ile mikanda iliyokuwa imepangika, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba yule mwanamke mwenye gauni la kutokea amesimama kwenye meza ya watu wengine.

"Wewe ndiye unayeitengeneza?" mgeni alimuuliza Mama, kwa adabu.

Mama alimtazama binti yake, mikono ile iliyokuwa ikipangapanga, shingo iliyoinama. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ile furaha ilimtoka machoni polepole, na ilipokwisha alikuwa amekwisha kuelewa.

"Mimi?" alisema. "Hapana. Mimi ni mteja tu. Naipenda hii sabuni, nikasikia waliochora wako hapa, nikasema nipite."

"Na hii nailoni?"

"Nimeikuta hivyo hivyo dukani." Mikono yake aliirudisha nyuma ya mkoba. "Labda wanaifunga wenyewe huko."

Mgeni alishusha pumzi, akamgeukia mwalimu. "Unaona? Kijana anaumiza kichwa kuokoa dunia, halafu anatokea mtu na tamaa yake ya kuuza anaifunga nailoni. Ndiyo maana tunawahitaji watu kama huyu binti."

"Ndiyo," Mama alisema. "Watu wana tamaa."

Alivikusanya vipande vyake. Mgeni alimshukuru kwa kupita, akamwita mama, na Mama akamwitikia. Alipogeuka kwenda, Mstari alichukua hatua kumfuata, lakini Mama alimpungia mkono mdogo wa kumzuia, akatoka peke yake kati ya watu waliovaa vizuri. Msanii aliendelea kupanga mikanda. Aliposhusha mikono yake mgeni alikuwa amemwekea kadi yake yenye namba ya simu juu ya meza, karibu na zile mbao, na mwalimu alikuwa anampiga bega.

"Jumatatu asubuhi," mgeni alisema. "Njoo na kazi zako zote."

Aliikuta nyumba kama alivyoiacha. Baba alikuwa sakafuni na mota ya friji aliyoifungua, skrubu zimejaa kwenye kifuniko cha sufuria. Mama alikuwa mezani, hajavua gauni la kutokea, amejifunga taulo kiunoni ili asilichafue, anafunga nailoni. Katoni zilizobaki zilikuwa chache.

"Msanii karudi," Baba alisema. "Haya, sema. Wamekuchukua?"

"Wamenichukua."

Baba aliweka bisibisi chini. Alitaka kutia mzaha, ilionekana, lakini hakuupata. Akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono wenye grisi, akabaki na doa jeusi shavuni. Mama aliitikia kwa kichwa.

"Nilijua," alisema. "Kuna chai kwenye chupa."

Msanii hakwenda kwenye chai. Alivuta kiti akakaa mbele ya mama yake. Alikuwa amelia njiani, akanyamaza, akalia tena, na sasa hakuwa na chozi.

"Mama. Pale ukumbini."

"Pale nini?"

"Ulisema wewe ni mteja."

"Na uongo uko wapi?" Mama alikata nailoni kwa meno. "Kuna mtu aliyelipia ile kazi kuliko mimi?"

"Mteja gani?" Baba aliuliza.

"Tengeneza friji ya watu," Mama alimwambia.

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira Msanii angejua la kufanya, angepiga magoti, angeomba radhi, wangelia wote wakamaliza. Lakini Mama alikuwa amechoka tu, uchovu usio na mlango wa kuingilia. Alikuwa anafunga sabuni.

Msanii alitoa simu na ile kadi, akaviweka mezani. "Nampigia," alisema. "Nitamwambia wewe ni nani. Nitamwambia zilirudi, na shati nitamwambia, na kwamba nailoni tumefunga mimi na wewe. Kama hawanitaki wasinitake."

"Weka simu."

"Mama, nilikukana."

"Hukunikana wewe. Wewe hukusema neno." Mama aliinua macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa mekundu, na hayakuyumba. "Mimi ndiye niliyejikana, mbele za watu, na akili zangu timamu. Nikatukanwa nikaitikia. Sasa wewe unataka kupiga simu ili roho yako itulie. Yangu je? Usinifanye niwe nimejikana bure."

Baba alikuwa ameacha kukoroga skrubu. Nje mtu alipita akipiga mluzi, akapotea.

Msanii aliigeuza simu kifudifudi. Akavuta roli ya nailoni, akachukua kipande cha sabuni kutoka kwenye rundo, akakizungushia, akakunja pembe kama alivyofundishwa, akamsogezea mama yake. Mama alikitazama chini ya taa. Akakifungua, akaitupa ile nailoni sakafuni pamoja na nyingine zilizoharibika, akamrudishia.

"Kaza pembeni," alisema. "Jumatatu meneja ataangalia pembe."

Akafunga tena.

"Hii je?"

"Hiyo nzuri," Mama alisema, akaipokea bila kumtazama, akaiweka katonini.